Paskalina, Picha Iliganda Sauti Ikaendelea

Mwanangu mpendwa Paskalina,

Ni mimi mama yako, hapa nyumbani Masakta. Nianze na salamu, hata kama moyo unakimbia mbele ya kalamu. Baba yako hajambo, mguu unamsumbua lakini shambani anakwenda. Bibi yako hajambo, anasema shikamoo zako za Jumapili anakudai. Kaka yako Yakobo na mkewe Elizabeti hawajambo, mtoto wao anatambaa na anakula udongo kama ulivyokuwa unakula wewe. Shangazi yako wa Tumati ametuma salamu na mbegu za maharage. Ng'ombe wazima, yule mweupe amezaa. Sote tupo. Wewe tu ndiye hatujui habari zako.

Tangu siku ile dukani kwa Sulle simu yako haipatikani. Nakuandikia ujue yaliyotokea upande huu, maana wewe kwenye kompyuta uliona sura yangu tu.

Si wewe mwenyewe uliyempigia Sulle wa steshenari ukamwambia aweke ile programu mpya ya kupigiana video? Ukasema hapo steshenari unapofanya kazi Kahama mmeshaiweka, na kisimu changu cha tochi hakionyeshi mtu. "Mama, utaniona mzima mzima," ukaniambia. Sulle akatangaza mnadani kila mtu aje kujaribu. Duka likajaa. Mama Martini jirani yetu alikuwa wa kwanza, akamkuta mwanawe wa Dodoma amefuga ndevu. "Nyoa hicho kichaka kwanza, ndipo uniite mama!" Halafu Mzee Bura akakaa mbele ya mjukuu wake, akangoja shikamoo. Kimya. Kijana anamtazama tu. Mzee akapiga meza kwa fimbo: "Mimi nimekaa hapa, huyu ananikodolea macho! Hii mashine inafundisha watoto kiburi!" Akainuka, akageuka aondoke, ndipo shikamoo ikatoka nyuma ya mgongo wake, kumbe mtandao ulikuwa unaichelewesha. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Na mimi nilicheka. Nikakaa kwenye kiti bado nacheka, wewe ukatokea.

Ulikuwa umejifunga kitambaa mpaka shavuni. Nikakuuliza, ukasema jino. Mwanangu, mimi nakujua. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, lile dume jekundu la ng'ombe likakurusha ukavunjika mkono? Nilikubeba mgongoni kwenda zahanati, mvua inatupiga, korongo limejaa mpaka kiunoni. Hukulia. Ulininong'oneza sikioni, "Mama usimwambie baba, atampiga." Mkono umevunjika, wewe unamwonea huruma aliyekuvunja! Basi nilipoona kile kitambaa, na macho yako yanakwenda mlangoni kila mara, nilijua si jino.

Mlango ukafunguka, mumeo Daudi akaingia. Akasema, "Unaongea na nani saa za kazi? Unanisema?" Hakujua kwamba tuko humo ndani tunamwona, duka zima. Alikushika nywele, mkono mwingine akauinua, hapohapo picha ikaganda. Paskalina, iliganda hivyohivyo, ngumi juu, mdomo wako wazi. Sauti ikaendelea. Tulisikia kitu kinagonga meza, kinagonga tena, nikajua ni kichwa chako. Wewe usiyelia ulilia. Uliniita.

Bibi yako aliruka kutoka kwenye benchi nyuma yangu, sijui nguvu alizitoa wapi, akampiga Daudi usoni kwa fimbo. Kioo cha kompyuta kikapasuka. Alidhani amemfikia. Akapiga tena, "Mwache! Mwache mtoto!" vipande vinamkata vidole, damu inachuruzika, na wewe bado tunakusikia. Sulle akataka kuchomoa waya. Nikamng'ata mkono. Ndiyo, nilimng'ata. Nikamwambia usizime, mtoto wangu yumo humo. Halafu pakawa kimya chenyewe.

Mimi nimezaliwa kijijini Hirbadaw, unajua desturi yetu. Mwanaume akimtenda mwanamke hivi, kikao ni cha wanawake, wanaume hawasogei. Akikutwa na kosa dume linatoka zizini kwake, akiwa mbali linatoka kwa baba yake. Kesho yake tukachukua fimbo, akina mama wa mlimani na wa bondeni pamoja, tukaenda kwa Mzee Petro, baba yake Daudi. Akatupokea akiwa amekaa. Akasema, "Hizo video siku hizi zinatengenezwa. Mwanangu hana mkono wa namna hiyo." Mama Martini akamwambia, "Na masikio yetu nayo yametengenezwa, mzee?"

Mdogo wake Daudi akaja na rungu, likanipata hapa juu ya kiwiko, ndiyo maana mwandiko umelala. Akina mama wakamwangusha. Walimpiga mpaka akatambaa chini ya mkokoteni anaita mama, na mama yake mwenyewe alikuwa upande wetu, ameshika fimbo. Tukalitoa dume jeusi, tukalichinja getini, damu ikafika kwenye viatu vya mzee. Ndipo akachukua simu akampigia mwanawe kwa spika, akaulizia habari zako. Daudi akajibu neno moja, sote tulilisikia: "Amelala." Akakata.

Amelala. Nyama ile waliila wengine, mimi sikuionja. Nikipika nalisikia, nikikamua nalisikia. Mtu hulala akaamka. Kwa nini basi simu yako haiamki?

Yakobo anataka kuja na panga. Nimelificha chini ya mahindi, maana sitaki mwana jela na binti kaburini. Mtendaji amepiga simu polisi huko, wamesema wataanzia kwako, ukifika kituoni mwenyewe au ukisema uko wapi. Ndiyo maana namtuma Mama Restituta, yule anayepeleka maharage Kahama. Atakuja hapo kazini kwako, ataomba kutoa kopi, barua hii ataiweka mkononi mwako tu. Lori likishashusha mzigo litageuza. Panda naye. Vyombo viache, nguo ziache, hata kazi iache. Hapa hakuna atakayekuuliza umemkosea nini, na wa kukurudisha itabidi anikanyage mimi getini. Kama huwezi kutembea, wenzako wa kazini wamwonyeshe nyumba, yeye na madereva watakuja mlangoni mchana kweupe, na polisi ataitwa.

Na usimwonee huruma. Nakuomba kwa magoti, safari hii usimwonee huruma.

Akina mama wamesema lori likirudi bila wewe, tunakuja wenyewe. Sijawahi kupita Singida, lakini nitapita.

Nijibu upesi, mwanangu, leo hii hii ukiisoma. Chukua simu ya Mama Restituta unipigie, kisimu nimekifunga kwenye khanga kiunoni. Usitume meseji, meseji hata Daudi anaweza kuandika. Nataka sauti. Kama kusema kunauma, pumua tu, mimi nitakujua.

Ni mimi mama yako mzazi, ninayengoja.