Makofi ya Kitambaa

Mjukuu wangu Nassor,

Pokea salamu zangu kutoka Kandara, huku Uarabuni. Mimi mzima, goti tu. Tangu ami yako ahamie Riyadh, nyumba imekuwa kimya mno.

Umeniuliza kama naona haya kwamba unapiga fidla kwenye mabaa ya Arusha. Pombe siipendi, unajua. Lakini fidla hiyo ni ya marehemu babu yako. Ujanani alitupigia taarabu humu humu chumbani, alasiri, tumeziba madirisha kwa magodoro ili majirani wasisikie, maana muziki ulikatazwa huku. Kupiga makofi ilikuwa mwiko. Ukikunwa moyo na wimbo, unapunga kitambaa.

Siku hizi muziki ruhusa. Juzi ami yako alikuja, akanipeleka mkahawani kusikiliza udi. Mpigaji akanikuna hasa! Watu wakapiga makofi, mimi nikapunga kitambaa. Mhudumu akaja mbio: "Mama, unataka kuondoka?"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Walioielewa ishara ile nimeshawazika wote.

Basi jirekodi ukipiga, uniletee. Nitafungua madirisha yote, nipunge kitambaa changu. Wewe sasa unajua maana yake.

Bibi yako,
Zuwena