Mfalme wa Gereji

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na baridi hii ya Sydney ambayo hata hita haiiwezi. Sijaenda kanisani. Nimesema naumwa kichwa, na leo sijadanganya sana.

Nina hasira. Acha niandike hivyo hivyo, nimechoka kuizunguka.

Miezi minne sasa, kila Alhamisi jioni nakwenda kwenye gereji ya Kaka Elia, hapa Merrylands. Tuko wanaume saba: Watanzania, Wakenya na Mrundi mmoja. Gari linatolewa nje, viti vya plastiki vinapangwa ndani, simu zote zinatumbukizwa kwenye sufuria na kufunikwa. "Ya gereji yanabaki gereji," anasema Kaka Elia, na sisi tunaitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Yeye ni nesi, amesoma mambo ya nafsi, halafu ndiye aliyenisimamia ndoa. Kwetu msimamizi wa ndoa si mtu wa kupiga naye picha tu. Ndiye unayempigia simu nyumba ikianza kuwaka moto.

Alitufundisha kwamba mwanaume aliyekomaa ana watu wanne ndani yake. Mfalme, anayepanga na kubariki. Mpiganaji, anayelinda mipaka na kujua kusema hapana. Mjuzi, anayefikiri kabla ya kufungua mdomo. Mpenzi, anayekubali kuhisi. Mmoja akilala, nyumba inayumba. Na kila mmoja ana namna yake ya kuharibika: mfalme aliyeharibika, alisema, anaishi kwa kupigiwa makofi.

Nilipenda, nasema kweli. Mimi ni dereva wa lori, natoa makontena bandarini Port Botany, siku nzima naongea na redio. Nani aliwahi kuniuliza mfalme wangu yuko wapi? Nikaanza kukaa na binti yangu bila simu mkononi. Siku moja nikamwambia bosi zamu ya sita mfululizo siingii. Mpiganaji huyo! Nilirudi nyumbani naimba.

Basi Alhamisi ya kumzungumzia Mfalme, nikafungua moyo.

Niliwaambia jambo ambalo hata mke wangu hakulijua. Baba alipofariki Marangu mwaka juzi, niliwaambia watu wote kwamba viza ya kurudi huku ilichelewa. Haikuchelewa. Viza ilikuwa tayari, likizo ilikuwa tayari. Niliogopa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nilitakiwa kutia udongo kaburini mbele ya ukoo, halafu wote wageuke waniangalie mimi kwamba baba sasa ndiye huyu. Siku hiyo nilikaa ndani ya gari nyuma ya maduka ya Auburn, nikatazama mazishi kwenye simu.

Kaka Elia alinikumbatia. "Mdogo wangu, leo umekuwa mwanaume." Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Jana tulikuwa kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa yule Mrundi wetu. Ukumbi umejaa, familia zote zipo, pilau imeshapakuliwa. Kaka Elia akapewa maiki awaambie akina baba neno. Alianza vizuri. Halafu akasema, "Hata humu ndani tunaye kaka yetu, dereva, mtoto wa kwanza, aliyemwacha baba yake azikwe bila udongo wake, akasingizia viza. Lakini leo mfalme wake ameamka!"

Watu wakapiga makofi.

Mke wangu aliweka kijiko chini. Ndiye aliyepokea rambirambi zote kwa niaba yangu, akimweleza kila mgeni habari za hiyo viza kwa uchungu. Tulipoingia kwenye gari ndipo akasema, "Wanaume sita kwenye gereji wamejua kabla yangu."

Nilimtumia Kaka Elia ujumbe. Akajibu: "Ndugu yangu, sikutaja jina. Na ushuhuda wako umegusa wengi." Jamani! Madereva wa humu waliofiwa na baba mwaka juzi wakakwamishwa na viza wako wangapi? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu suti aliyovaa harusini kwangu nilimchagulia mimi mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi, mafundisho yake ni ya kweli. Ningefurahi yangekuwa uongo, niyatupe pamoja naye. Lakini nikiyashika naona na mimi sitoki salama. Yeye amenisaliti mara moja. Mimi nimemsaliti mke wangu kila alipomfungulia mgeni mlango akarudia uongo wangu bila kujua ni uongo.

Na maneno yana mbio. Pale ukumbini palikuwa na mama mmoja wa Marangu, kwao si mbali na kwetu. Kwa hiyo leo saa kumi na moja jioni, kule ni saa nne asubuhi, nikampigia mama kabla hajapigiwa.

"Mama, viza ilikuwa tayari. Niliogopa."

Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Watu wengi, mama. Kabla yako."

"Hapo ndipo umeniumiza," akasema, akalia kidogo. Nikamsikia anapenga kamasi. "Mdogo wako kila Desemba analeta fundi ajengee kaburi la baba yako. Namfukuza. Nimewaambia saruji haimwagwi mpaka mwanangu mkubwa atie udongo wake. Sasa njoo, baba. Nimechoka kufukuza mafundi."

Nilipokata simu, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hajanisamehe, uso wake nauelewa. Aliniuliza tu likizo naomba lini, akasema hatakubali niende peke yangu.

Kesho nikifika yadi naomba likizo kabla sijawasha lori. Bado naogopa vilevile. Nakwenda.