Kawa la Mwisho la Bibi

Jumamosi, Utende

Sijamwambia mtu kwamba bei ya lile kawa la kufunikia chakula huwa naipandisha makusudi. Ndilo la mwisho alilosuka bibi kabla ya kufariki. Mama mdogo anasema ukili ukikaa sana unaliwa na wadudu, kwa hiyo kila asubuhi huliweka mezani pamoja na vitu vingine vya kuwauzia watalii.

Bibi alipenda kupatana bei. Mgeni akishusha mno, alimwambia, "Mwanangu, kwa bei hiyo chukua kivuli chake." Wakimaliza, wameshajuana hadi majina ya watoto. Mimi naona haya hata kusema karibu. Nataja bei kubwa, mgeni anaondoka, napumua.

Leo mama mmoja wa Kijerumani hakubishana. Alitoa noti zote, akatabasamu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza tu kukubali...

"Mpe basi," mama mdogo akasema. "Au umeliposa?"

Nikamwambia mgeni samahani, haliuzwi. Mama mdogo akamfungia kawa jingine, kwa bei ya kawaida. La bibi nikaja nalo nyumbani, nikafunikia wali.