Maji ya Kisima Changu

Alhamisi, Mei 1994
Mji wa Kale, Mombasa

Mvua imeanza alfajiri na haijakatika sawasawa. Yapungua, yarudi. Kichochoro chetu kimejaa maji mpaka kwenye vizingiti, na ndani ya nyumba mifereji ya bomba ni mikavu, wiki ya tatu sasa.

Leo nimebisha milango kumi na mmoja. Kila mlango nilikwenda na maneno yale yale, nayo hayakuwa mepesi hata nilipofika mlango wa mwisho.

Naandika mambo haya upesi kabla ya maghrib. Nikilala nayo nitaanza kuyapamba.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, na mtaani bado waniita Bwana Karani ingawa nimestaafu zamani. Humo mahakamani nimeona watu wakiapa kisha wakidanganya, na ndugu wa tumbo moja wakishitakiana kwa ukuta wa futi mbili. Nimetoka na fikra ambazo wanangu waziita za kizamani. Sawa, ni za kizamani. Nasema serikali ishike barabara, polisi na mahakama, na mambo ya ndani ya ua iwaachie wenye nyumba. Nasema kila mtu afagie mbele ya mlango wake kwanza, ndipo alalamike. Nasema hivi vyama vingi tulivyorudishiwa vimetuletea kelele nyingi kuliko maji. Nasema mtoto amwamkie mkubwa kabla ya kumwomba kitu. Haya yote nimeyasema barazani kwa sauti, wala sina nia ya kuyafuta leo.

Lakini kuna jambo moja lazima nilifute.

Katika ua wa nyumba yetu mna kisima alichochimba babu yangu mzaa baba. Mifereji ilipokauka niliufungulia mtaa mzima. Nikaweka utaratibu: kuteka ni baada ya alasiri, wanawake kwanza, wazee wasipange foleni, na viatu vivuliwe kabla ya kukaribia mdomo wa kisima. Kila siku nilikaa kwenye kiti changu pale uani nikiwatazama. Kila aliyetoka na ndoo alinishukuru. Nilizipenda zile shukrani. Ziliponipita siku moja kwa sababu ya homa, nilizikosa kuliko nilivyokosa chakula.

Kisha yakaingia mjini maradhi ya kuharisha na kutapika. Amri ikatoka kwamba visima vyote vya mtaa wetu vifungwe mpaka maji yapimwe. Aliyetuletea amri hiyo alikuwa msichana wa Kirabai, jina lake Kadzo, afisa wa afya, mkaazi wa Buxton. Alikuja amevaa suruali na mabuti ya mpira. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa kitini, yeye amesimama juani. Nikamwambia maji haya yamenywewa na vizazi vinne na hayajamdhuru mtu. Akanijibu kwa adabu kwamba habari za vizazi vinne hazijui, yeye ametumwa kuuliza habari za wiki hii. Nikadai amri kwa maandishi. Alikuwa nayo mkobani.

Akachota maji kwenye chupa ndogo, akaondoka.

Nilikifunga kisima kwa kufuli. Amri ni amri, hata mtu asipoipenda, na mimi nimekula mkate wa maneno hayo maisha yangu yote. Lakini usiku haukuingia kabla sijaandika barua kwa gazeti. Niliandika kwamba watu walioshindwa kutuletea maji mferejini hawana uso wa kumfungia mtu kisima cha babu yake. Niliandika vizuri. Kuandika najua.

Barua ilitoka Jumamosi. Athumani, mshona kanzu, rafiki yangu wa barazani tangu tukiwa vijana, aliisoma kwa sauti mara mbili, na waliokuwa wakipita njia wakasimama kusikiliza. Mtu mmoja nisiyemjua alinibusu mkono. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Alasiri ile ile akaja Mwana Esha. Huyu ni mjane wa mlango unaotazamana na wetu, amelelewa pamoja na marehemu dada yangu mkubwa, na anaishi peke yake. Hakuja kuniomba nivunje amri. Aliuliza tu kisima kitafunguliwa lini, kwani mikono yake haiwezi tena kubeba maji kutoka mbali. Mimi, niliyewaapisha mashahidi miaka yote ile, nikachukua ufunguo nikafungua kufuli, nikamtekea ndoo mbili kwa mkono wangu. Jumapili nikamtekea mbili nyingine.

Jumatatu asubuhi Salma, mke wangu, alimkuta ameanguka ukumbini mwake, hana nguvu ya kuita mtu. Tulimpeleka hospitali, akatundikiwa maji ya mshipa, na jana jioni amerudi nyumbani macho yameingia ndani.

Nikajiambia ni samaki. Alikuwa amenunua samaki Jumapili, nilimwona mimi mwenyewe akiwapara magamba mlangoni.

Siku tatu nilijiambia ni samaki.

Leo saa tatu asubuhi Kadzo akabisha hodi, mwavuli umepinda, karatasi ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alinisomea polepole. Maji ya kisima changu yana uchafu wa choo. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, na nilitamani afadhali angenikejeli, kwa sababu ningejua la kumjibu.

Akaomba kuuona ua.

Nyuma ya ua, pembeni, kuna choo nilichojenga miaka miwili iliyopita. Cha zamani kiko ghorofani, na magoti ya Salma yalikuwa yameanza kukataa ngazi. Fundi niliyemleta kutoka Tudor aliniambia wazi kwamba shimo litakuwa karibu mno na kisima, na kwamba niombe ruhusa ili aje mtu apime. Nilimjibu kwamba ua ni wangu, sijengi barabarani. Fundi alinitazama kidogo, kisha akachimba.

Kadzo alitembea kutoka kifuniko cha shimo hadi kwenye kisima. Hatua tisa. Akaniuliza kama niliomba ruhusa ya kujenga.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema uongo, na nafasi ile naijua. Nimewaona watu wengi wakiitumia kizimbani, jinsi wanavyolamba midomo kabla ya kusema. Yule fundi amekwisha kuhamia Malindi. Hakuna karatasi wala shahidi. Nilijikuta nalamba midomo.

Nikasema, “Sikuomba. Niliambiwa niombe, nikakataa.”

Kisha nikamweleza habari za ndoo nne za Mwana Esha. Aliacha kuandika. Nilimuuliza kama ni maji yangu yaliyomlaza yule mama.

“Siwezi kukwambia ndiyo, mzee, na siwezi kukwambia siyo,” alisema. “Kuna wagonjwa hata katika mitaa isiyo na visima. Lakini yeye ana haki ya kujua alichokunywa. Na waliojaza mapipa kabla hujafunga, huenda bado wanayanywa mpaka leo.”

Hilo la mapipa sikuwa nimelifikiria kabisa. Wiki nzima nilikuwa nikifikiria barua.

Nilimpa kiti akae, nikamwambia Salma alete chai. Alikunywa nusu kikombe, akanieleza la kufanya. Shimo lifungwe na choo kihamishwe, kisima kitolewe maji yote na kisafishwe, kitiwe dawa, kisha kipimwe tena mara mbili. Nilimuuliza kama nitashitakiwa. Akasema ataandika alichokiona, na wakubwa wake ndio watakaoamua. Hakunituliza kwa maneno matamu. Nilimheshimu kwa hilo.

Alipoondoka Salma alitoka jikoni. Alikuwa amesikia kila neno.

“Mwana Esha aambiwe leo,” alisema. “Na aambiwe na wewe. Usinitume mimi.”

Nilivuka kichochoro bila mwavuli. Mwana Esha alikuwa kitandani, leso imemfunika mpaka kifuani. Sikukaa. Nilimweleza yote, tangu fundi wa Tudor hadi ile ndoo ya nne, kwa mpango kama ninayesoma mwenendo wa kesi, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kusimulia jambo zito. 

“Ulijua?” akaniuliza.

“Kuwa maji ni machafu, sikujua. Kuwa shimo li karibu na kisima, niliambiwa.”

“Karatasi ya amri mimi siwezi kuisoma,” alisema. “Nalikuangalia wewe. Ulipofungua, nikajua ni salama.”

Hakunilaani. Wala hakuniambia yamekwisha. Aligeukia ukutani, akasema niende kwanza kwa wenye watoto, mambo ya kuombana radhi yatangoja.

Basi nikaenda. Nyumba kumi zilizoteka maji kwangu, moja baada ya nyingine, kanzu imenigandama mwilini. Kila mlango nilisema: mwagilieni mbali mliyoyaweka, mapipa yaoshwe kwa maji yaliyochemka, na yeyote aliyeumwa tumbo aende kupimwa. Kosa ni langu, nilijenga choo pasipofaa nami nilionywa. Wengine walinisikiliza hadi mwisho. Mama mmoja mwenye watoto wadogo aliinua pipa palepale akalimwaga barazani, maji yakapita juu ya viatu vyangu, na hakuniomba samahani. Hakupaswa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Athumani. Yeye alinivuta ndani, akafunga mlango. Hakukasirishwa na maji, nyumbani kwake hakuna aliyeumwa. Kilichomuudhi ni kwamba nimekuwa nikisema hadharani. Alisema ile barua yangu imeuinua mtaa, kwa mara ya kwanza watu wa afisini wamesikia sauti yetu, nami nikijitangaza mkosa watapata kisingizio cha kutufungia visima vyote daima na kuisahau mifereji. Akanishauri nizibe lile shimo kimya kimya na nisizungumze tena.

Nilimjibu kwamba mifereji tutaidai vile vile, na nitakuwa wa kwanza kudai. Lakini siwezi kudai haki nikiwa nimesimama juu ya uongo.

“Utatuaibisha sote,” alisema.

“Mimi nimekwisha kuaibika, Athumani. Nimebaki na kusema kweli tu.”

 Alinifungulia mlango bila kuniaga. Haijapata kutokea tangu tujuane, na imeniuma kuliko kumwagiwa maji miguuni.

Nimerudi, nimebadili nguo, nimeandika barua ya pili kwa gazeti. Ni fupi kuliko ile ya kwanza. Nimeandika jina langu kamili na neno “nilikosea” katika mstari wa kwanza, ili hata wanaosoma mstari mmoja walione. Chini nimeongeza kwamba wiki ya tatu bila maji ni aibu, na aibu hiyo si yangu peke yangu.

Sasa najiuliza kama nimebadilika.

Sidhani. Bado naona serikali haina kazi chumbani mwa mtu. Ila maji hayajui ukuta wa nani uko wapi, yapita chini kwa chini kutoka shimo la huyu hadi kinywa cha yule. Jambo hilo lingepaswa kunijia miaka miwili iliyopita, pale fundi aliponitazama. Nilihubiri kila mtu afagie mlangoni pake, na taka zangu nikazisukumia chini ya nyumba ya jirani. Sheria ya ujenzi niliiona usumbufu kwa sababu ilikuwa inanihusu mimi. Ingekuwa yamhusu jirani yangu, ningemsomea kifungu kwa kifungu.

Si raha kuandika hivi katika umri huu. Lakini nimeandika na sitafuta.

Kesho asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, nitasimama kwenye foleni ya ruhusa ya kujenga choo kipya kama watu wengine. Nikiambiwa nirudi Jumatatu, nitarudi Jumatatu. Jumamosi mafundi waja kuziba shimo. Salma na magoti yake atapanda ngazi tena kwa muda, na alipokubali hakunung'unika, jambo lililonifanya nione haya zaidi.

Na Athumani nitampitia baada ya swala ya Ijumaa. Asiponifungulia, nitampitia Ijumaa nyingine.

Salma ametoka kwa Mwana Esha sasa hivi. Asema mgonjwa ameanza kuona njaa, naye amekubali apelekewe uji kesho. Nimemuuliza kama alinitaja. Hakunitaja. Salma akauliza, huku akitazama kwingine, kama auchemshe ule uji asubuhi na mapema.

Nimemwambia auchemshe. Nitaupeleka mimi, na nitangoja mlangoni mpaka Mwana Esha aamue kama ataunywa.