Moshi wa Filamu

Jumanne, Mahege

Ni moshi tu, alisema. "Nyumba haitaguswa, mama." Huyo ni mwongozaji wa hawa watu wa filamu, maneno matamu tangu alipoingia kijijini na farasi wawili na yule mwimbaji anayeliliwa na wasichana wote. Wanatengeneza filamu ya wachunga ng'ombe wenye bastola, ya mtindo wa zamani, na nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu ndiyo wameifanya ya shujaa, ndiye huyo mwimbaji.

Leo asubuhi nimewaona wakimwagia petroli paa langu la makuti. Moshi gani unataka petroli yote ile?

Nikamfuata mwimbaji kivulini, na likofia lake pana. "Mwanangu, wewe umeambiwa ufanye nini humo ndani?"

"Nitoke mbio, mama, kabla paa halijaanguka."

Alisema bila hila. Kisha akanitazama, akaelewa kwamba mimi sikuambiwa.

Nikatandika mkeka mlangoni, nikakaa. Mwongozaji akabembeleza, akafoka, akalalamika kwamba jua linakwisha. Mwimbaji akaja akaketi kando yangu. "Mama hatoki, na mimi sichezi."

Wakafungasha.

Jioni mwongozaji amekuja kuniomba radhi. Kaapa watajenga kibanda chao wenyewe cha kuchoma. Nimeitikia tu. Mtu anayeapa haraka hivyo...

Mwimbaji alikuwa nyuma yake. Aliinama kunipa mkono kama anayeaga, akaninong'oneza: "Mama, na kesho usitoke."

Sitoki.