Ulimwambia Nini Chebet

Jumatatu, 3 Machi
Nimechuma chai tangu asubuhi. Majani yangu karibu yavunje mizani ya kituo, karani ni shahidi. Chebet amekaa kando ya shamba siku nzima. Kimya. Ana miaka minne. Hajalia wala kucheka tangu Disemba, tulipomzika mamake, dada yangu Rose. Anatembea kwa ncha za vidole. Majirani wanasifu adabu yake. Mimi ndiye nilimfunza. Kwa neno moja tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu wa nasari ametulazimisha. Tumeenda Kericho kwa daktari wa akili ya watoto. Daktari mwenyewe mwanamke mtu mzima, anakaa sakafuni na wanasesere! Nikamweleza vile nilimpiga chui kofi kule Soin. Hakucheka.
Chebet akanong'ona mara moja, "Mama." Daktari akaandika, ati anamwita marehemu.
"Hapana, daktari. Kwetu Kipsigis mama ni mjomba. Ananiita mimi."
Akafuta. Rose naye, Chebet alimwita hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha nasari. Hiyo sikusema.

Alhamisi, 13 Machi
Chebet amemlaza mwanasesere, akamfunika. Daktari akagonga sakafu na kalamu, kidogo tu. Mtoto akamziba daktari mdomo kwa mikono miwili. "Usimwamshe!"
Daktari akanigeukia. "Mzee, ulimwambia nini?"
Nimesema ukweli. Siku ya mazishi alipiga nduru mbele ya watu. Nikamwambia mamake amelala tu, akiamshwa na kelele hatarudi. Akanyamaza palepale. Jioni nilijisifu kwa wazee.
Daktari anasema mtoto wa umri huo akiambiwa kitu na mtu wake, hicho ndicho ukweli kwake. Kilio kimebaki ndani, anakua nacho.
"Nikimwambia mimi, hataamini. Neno hilo ulitoe wewe. Bila hadithi."

Jumamosi, 15 Machi
Nilimwita Chebet nimwambie. Nikajipata naeleza habari ya ndovu. Mwoga mimi. Chui gani? Hakukuwa na chui.

Jumapili, 16 Machi
Manyunyu. Nimempeleka kaburini, pale chai inaishia. Nikasema: Rose alikufa. Hajalala. Harudi. Si makosa yako. Nilikudanganya.
Alinitazama sana. Akakanyaga udongo na kisigino, polepole. Akangoja. Akakanyaga kwa nguvu. Akangoja tena.
Halafu akalia. "Mama! Mama!" Mpaka sauti ikaisha.
Sijui alimwita nani kati yetu. Niliitika kila mara.