Kebo Haikukwama

Chumba cha mafaili, ofisini,
Jumanne, saa ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ukae mahali ambapo hakuna mtu nyuma ya bega lako. Usimsomee mkaza mjomba, hata akikuletea chai na kuvuta kiti karibu. Usipige simu nyumbani kuuliza kama ni kweli. Neno lolote la barua hii lisitoke kinywani mwako kabla ya Ijumaa jioni, na kwa nini iwe jioni nitakueleza huko mbele. Ukimaliza kusoma ikunje uitie mfukoni. Mezani usiiache.

Sasa shikamoo. Naamini goti limepata nafuu na kwamba siku hizi unazipanda zile ngazi bila kusimama katikati ukijifanya unatazama mandhari. Mkaza mjomba kifua chake hakimsumbui? Watoto wanasoma? Huku sisi ni wazima wa mwili. Baba anakohoa asubuhi, ukimuuliza anasema ni vumbi. Mpwa wako Kengele bado anafundisha watoto wadogo, na sauti yake bado inasikika nyumba ya tatu. Mimi nakula na kulala, ingawa si kama zamani.

Mara ya mwisho uliniuliza nimechagua injini gani kwa ajili ya gari lako, nami nikajibu kwa kigugumizi. Unaijua simu ya kwetu: baba huiweka mezani na kuifungulia sauti kama redio, kila mtu asikie. Ndiyo maana naandika.

Gari uliloniachia ulipohama lilikuwa na bodi nzuri na injini iliyokufa. Ulisema nisiliache likageuka banda la kuku. Nililipeleka kwa fundi wa kwenye kona, ambaye humjui kwa kuwa alifungua gereji baada ya wewe kuondoka. Watu humwita Kobe, maana haharakishwi. Mteja akimpigia kelele yeye hupangusa spana. Ni huyo huyo aliyeleta posa ya Kengele, na ndiye ambaye baba alikupigia simu Jumapili kumhusu. Vuta subira, nitafika huko.

Injini tulizipata mbili, katika uwanja wa magari yaliyokatwakatwa, zote za bei ambayo karani anaweza kuifikia kwa kujinyima. Zote mbili zina kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani, ndipo injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Moja ilikuwa ya supachaja. Hiyo huvutwa na mkanda wa injini yenyewe, kwa hiyo ukigusa mafuta kidogo tu nguvu ipo, na inapanda pamoja nawe taratibu. Nyingine ilikuwa ya tabo. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka, kwa hiyo mwanzoni hukaa kimya kama haipo. Moshi ukishakuwa wa kutosha nguvu inakuja, na inakuja yote kwa pamoja.

Unanijua mimi. Nilisoma kila nilichokipata, nikawauliza madereva wa lori wanaoleta mizigo hapa ghalani mpaka wakaanza kunikwepa dirishani. Supachaja ilikuwa adimu, mkanda wake umechoka, spea zake ni za kuagiza mbali, na ingekunywa mafuta hata tukienda sokoni tu. Tabo ilitoka kwenye kigari cha mizigo ambacho spea zake zimejaa kila duka. Oili yake haikuwa na chembe za chuma. Nilishika mhimili wa tabo kwa vidole nikautikisa, haukucheza. Kobe alisema zote mbili zitaingia, mwenye gari ni mimi. Nikachagua tabo. Hadi leo nikizirudia sababu zangu sioni kosa. Injini niliichagua vizuri, Mjomba. Nilichosahau kupima ni mimi mwenyewe.

Jumamosi iliyopita gari likawa tayari. Baba alikuwa amewaambia majirani. Alivaa lile koti lake la udereva wa basi, akatoa kiti nje, na kila aliyepita akaambiwa asimame. "Leo mtaona damu ya dereva," akawaambia. Unajua yeye kazi ile aliimaliza bila kugusa hata nguzo. Mimi leseni ninayo, lakini tangu niipate nimeendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa, na baba hajawahi kukaa kando yangu akaona.

Kobe alikaa kushoto, mimi kwenye usukani. Nikakanyaga mafuta, gari likaenda pole, kimya. Nikasikia baba anacheka na kusema linatembea kama bibi harusi. Nikakanyaga zaidi. Bado kimya. Nikakanyaga zaidi, na hapo kukatoka mluzi chini ya boneti, kiti kikanisukuma mgongoni, na barabara yote ikaja usoni kwangu.

Hapa ndipo naona haya hata mbele ya karatasi. Niliachia usukani. Sisemi ulinichomoka. Niliuachia mwenyewe, nikafunika uso kwa mikono miwili kama mtoto anayemwagiwa maji.

Kobe ndiye aliyeushika. Alivuta na breki ya mkono, tukapita katikati ya uzio wa yule mama mshonaji na kusimama ndani ya lundo lake la mchanga wa ujenzi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Taa moja ilivunjika na bampa likapinda. Mama mshonaji alitoka na futi yake shingoni akatutazama tu, kama anatupima sanda.

Baba alikuja mbio, kiti bado mkononi. Mikono yangu ilikuwa bado usoni. Kobe aliniangalia, kisha akamwangalia baba na watu wote waliokuwa nyuma yake.

"Kebo, mzee," akasema. "Kebo ya pedali ya mafuta imekwama. Niliifunga vibaya."

Baba akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hiyo tu, Mjomba. Sikutamka hata neno. Lakini tangu siku ile kichwa kile kinanilemea kuliko ulimi.

Nilidhani watu watasahau. Watoto wa mtaani sasa wana mchezo mpya: wanakimbia, wanagongana makusudi, kisha wanapiga kelele, kebo imekwama. Mwenye teksi alikuja akaliondoa gari lake pale gereji likiwa nusu limefunguliwa, akalisukuma kwa mikono na vijana wawili, akisema heri asukume kuliko azikwe. Mwenye pikipiki za kupeleka vifurushi naye kahamia kwa fundi mwingine. Mimi nimeanza kupita njia ya nyuma, kwenye mitaro, kusudi nisiione gereji ile ikiwa tupu. Jana asubuhi nilifika kazini viatu vimejaa tope. Tarishi wetu akauliza kama ghala limehamishiwa bondeni, na ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Nyumbani ni pabaya zaidi. Posa baba alikuwa ameshaonyesha kuikubali. Alikuwa anamsifu Kobe kwa kutulia. Sasa anasema, kebo imemshinda, nyumba ataiweza? Anayasema haya wakati wa kula, Kengele akiwepo, na kila mara ananitazama mimi kama shahidi wake. Mwanangu almanusura afe, anasema. Nami nabaki kutafuna.

Jumapili, baada ya yeye kukupigia simu, Kengele alinikuta jikoni. Alikuwa anaosha vyombo, nami najifanya natafuta kiberiti.

"Kaka, wewe ulikuwa mle ndani," alisema bila kugeuka. "Kebo ilikwama, au haikukwama?"

"Mambo yalikwenda haraka. Sikuona."

"Hukuona." Akaisuuza sahani ile ile mara ya pili. "Haya. Kama hukuona, hukuona."

Huyu ndiye dada anayenitania kwa kila kitu, hadi namna ninavyokunja soksi. Safari hii hakunitania. Alinipa kiberiti, kilikuwa mbele ya macho yangu, akatoka. Sauti yake sijaisikia nyumba ya tatu tangu hapo. Juu nimekuandikia kwamba inasikika. Hilo nalo nilikudanganya, nisamehe.

Jana nilijikaza nikaenda gereji. Kobe alikuwa amelala chini ya gari lako, miguu tu nje. Nikaiambia ile miguu kwamba nimekuja kuomba radhi. Akatoka, akakaa chini, akapangusa mikono kidole kimoja kimoja. Alisema aliona uso wa mzee, akaona na wangu, na neno la kebo likamtoka. Alidhani ni aibu ya siku moja, fundi kachekwa, kesho yake yamekwisha. Hakujua kama na posa itaingia humo.

Nikamuuliza kwa nini basi haendi kumwambia baba ukweli.

"Nikisema leo, shemeji, nitakuwa fundi mbaya halafu mwongo," akasema. "Na nitakuwa nimemsingizia kaka wa mtu ninayetaka kumwoa. Nani ataniamini? Hilo la kwangu limeshafungika."

Kisha, bila kejeli hata chembe, akaniambia ile injini ya supachaja haijauzwa. Tukitaka tunaweza kubadilishana na yule mwenye uwanja, maana ile haishtui mtu. Alilisema kama mtu anayemchagulia mgonjwa mto laini. Heri angenitukana.

Nimemwambia aiache tabo pale ilipo. Nikiitoa nitakuwa nimeisingizia injini kama nilivyoisingizia kebo, na ile ni injini nzuri. Iendeshwe na anayeiweza. Mimi labda siku moja nitajifunza, mahali pasipo na viti vya watazamaji.

Sasa nisikilize, Mjomba, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Ijumaa baada ya magharibi wazee wa Kobe wanakuja kupokea jibu. Tangu mama atutoke, upande wake wote ni wewe, na bila neno lako Kengele haolewi wala hanyimwi. Baba atakupigia simu mbele ya wageni. Anataka wewe ndiye useme hapana, ili asionekane yeye ameigeuza kauli yake. Nakuomba usiseme hapana. Kijana yule alimwokoa mpwa wako mara mbili kwa dakika moja, mara ya kwanza kwa mikono na mara ya pili kwa mdomo, na malipo yake ni kunyang'anywa mchumba.

Nitakuwa mkweli hadi mwisho. Barua hii niliianza jana ikiwa na ombi jingine. Nilitaka nikuombe umweleze baba wewe mwenyewe, kwa ile hekima yako ya kuzungusha maneno, nami niwe safarini kikazi. Nilikuwa nimeshamwomba bosi anipangie safari. Nikaikumbuka ile sahani iliyosuuzwa mara mbili, nikaichana barua ile.

Basi nitamwambia mimi. Ijumaa nitatoka kazini mapema, nitamkuta baba akijinyolea ukumbini kabla wageni hawajafika, na nitasema: niliachia usukani, nikafunika uso, kebo haikukwama. Nimeyafupisha hivyo kwa makusudi, ili nisipate pa kupumzika katikati. Atanicheka, au atanyamaza, na kwa baba sijui lipi ni zito zaidi. Atawaambia majirani mwenyewe, maana hawezi kukaa na jambo. Watoto watapata mchezo mwingine. Yote hayo nimeyafikiria, lakini kila upande ninaogeukia namwona Kengele akinipa kiberiti.

Tatizo ni kwamba najifahamu. Nimeshawahi kwenda kwa bosi kuomba likizo nikarudi nimejitolea kufanya kazi Jumapili. Kwa hiyo siri niliyokuomba mwanzoni ina mwisho: ikifika Ijumaa jioni na mimi sijasema, iko huru, useme wewe, hata mbele ya wageni, hata kama nimekaa pale pale nakusikia. Nakupa ruhusa hiyo sasa nikiwa na akili zangu, kwa sababu saa hiyo huenda nikakuomba uniachie.

Nisalimie mkaza mjomba, umwambie tu kwamba nimeandika kuuliza goti. Wasalimie wadogo zangu wote, yule wa mitihani na yule aliyeng'oka meno ya mbele. Baba anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Mungu akuzidishie siku, na akujalie kunitazama tena usoni bila kuona haya kwa niaba yangu.

Ni mimi mpwa wako, anayekupenda na kukutegemea kuliko anavyostahili,
Karani.

Namna ya kunipata: barua hii inaletwa na dereva wa lori letu la Jumatano, usimpe majibu, ana mdomo. Kabla ya Ijumaa, nipigie ofisini saa ya chakula, uombe dirisha la stoo ya pili, useme wewe ni mteja wa mabomba. Ijumaa yenyewe nipigie kwenye simu yangu ya mkononi saa kumi na mbili kasoro robo, kabla baba hajakupigia. Ikiwa imezimwa, jaribu ya gereji, ambayo nimekuandikia nyuma ya bahasha. Ikiita sana vumilia, Kobe atakuwa anapangusa mikono. Mwambie anipe simu kama nimejificha kwake. Ukinipata usinisalimie. Uliza tu kama nimesema. Nikijibu ndiyo, kata simu, ukasubiri wageni. Nikianza kukueleza, Mjomba, nikikuambia kwanza ilikuwa hivi, halafu baba alikuwa na kazi, usinisikilize. Kata, umpigie baba mwenyewe.